Ametoka Kidogo

9 Februari

Mjomba, shikamoo.

Huku wazima. Paa la jikoni linavuja palepale linapovuja kila mwaka, na Mama ameweka sufuria palepale anapoiweka. Anakusalimu sana. Sanduku la vitabu limefika bila kufunguliwa njiani: vitabu kumi na vinne, na katikati yake, kama kawaida yako, umesokomeza glavu za kazi ili vitabu visigongane. Safari hii nimezihesabu. Ishirini na tatu, zote za mkono wa kushoto! Mwaka jana zilikuwa kumi na tisa, za kushoto vilevile. Mama anazitumia kushikia sufuria za moto. Jirani yetu muuza mkaa aliomba mbili, akarudi kulalamika kwamba mkono wa kulia umeonewa.

Sasa habari yenyewe. Nimepata kazi, Mjomba! Ni ya miezi sita, Manispaa, karani wa dodoso. Tunapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anafanya kazi gani, anapata nini, wanakula mara ngapi. Nimepewa kitambulisho chenye picha ya mtu aliyetoka kuibiwa, nao wanasema ni mimi.

Jana nilimkuta mtu chini ya gari, miguu tu nje. Nikauliza, "Shikamoo baba, una kazi?"

Miguu ikajibu, "Marahaba. Sina, mwanangu. Mji huu kazi hakuna."

"Na hapo chini?"

"Hapa nashughulika tu."

Nikamsomea swali la kumi na moja: katika siku saba zilizopita, umefanya shughuli yoyote ya kipato, hata kwa saa moja? Miguu ikajikunja. "Hiyo saa moja," ikasema, "analipa nani?"

Nyumba ya pili, mama mmoja anasuka nywele barazani, pembeni anauza maji ya baridi, kamba yake imejaa nguo za watu alizofua. Nikamuuliza kazi. "Mimi? Mama wa nyumbani tu." Mji mzima hauna kazi, Mjomba, na hakuna aliyekaa.

Kwetu hawakuniruhusu kuuliza mwenyewe. Alikuja mwenzangu tunayemwita Kalamu-Mbili, kwa kuwa kila sikio lake lina kalamu. Nilikaa pembeni kama mgeni.

"Mkuu wa kaya?"

"Mimi," akasema Mama.

"Mtu wa pili?"

"Kaka yangu."

Nikakohoa. Mama hakunitazama.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Ametoka kidogo."

"Yaani miezi sita haijafika?"

"Nimekwambia ametoka kidogo, mwanangu. Kunywa chai, inapoa."

"Anafanya kazi gani?"

"Msimamizi wa kitengo."

"Mshahara?"

"Wa kutosha."

Dodoso halina kisanduku cha "wa kutosha". Kalamu-Mbili akakuna kichwa, akachomoa kalamu ya kulia, akaweka alama anapojua yeye. Kwa hiyo wewe ni mstari wa pili. Mimi niliyelala humu ndani miaka yote thelathini na moja ni mstari wa tatu!

Mama amekushonea shati, nimelituma pamoja na barua hii. Livae, tukupigie simu ya picha tukuone.

Wako, Meno Mawili (niliyokuwa nayo uliponiacha, sasa yako thelathini na moja, moja limeng'olewa)


3 Machi

Marahaba, Meno Mawili.

Barua yako ilikaa mezani siku mbili kabla sijaifungua. Si kwamba nilikuwa na shughuli. Nilipenda tu kuwa mtu mwenye barua inayomsubiri. Hali ya hewa ni baridi kavu, kifua hakijambo, na mwenye nyumba bado anapanda ngazi kwa kishindo ili tujue nyumba ni yake.

Hongera kwa kazi. Nimewasomea wenzangu habari za ile miguu, wakacheka, kisha mmoja akauliza kama na yeye angejibu tofauti. Nilipokuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha chapa hapo kwenu, kila jioni tulikuwa tukiandika kwenye kurasa za mbele za gazeti kwamba ajira zimeongezeka, na kila asubuhi tulikuta mstari wa waomba kazi umefika kwenye kona ya duka la baiskeli. Sikuwahi kupata kosa la kusahihisha. Herufi zote zilikuwa mahali pake.

Mama yako hakumdanganya Kalamu-Mbili. Maneno hayo ni yangu. Nilisimama mlangoni na mfuko mmoja, yeye amekupakata, nikasema, "Natoka kidogo." Nilidhani siku tatu. Mambo yenyewe yalikuwa ya siku tatu. Halafu yakawa mambo ya karatasi. Halafu yakawa mambo mengine. Tuyaache.

Shati limenikaa sawasawa. Mdogo wangu bado anayajua mabega yangu. Kola tu: mshono wa kushoto umetoka njiani kwa upana wa punje ya mchele, ukarudi, ukatoka tena. Nani kashona?

Simu ya picha haitawezekana kwa sasa, kamera ina ufa. Kitengo kinaendelea vizuri. Wafanyakazi wote wana nidhamu.

Mjomba wako


30 Machi

Mjomba, shikamoo.

Tuko salama, nawe tunakuombea kifua kizidi kutulia. Fundi wa paa alikuja, akalitazama paa, akatazama sufuria, akasema sufuria ni nzuri. Akaondoka.

Kola ni mashine, Mjomba. Imezeeka. Mama anasema usiikague nguo kama karatasi ya chapa.

Nina jambo dogo, la kumbukumbu tu. Majibu yote yakikusanywa, Manispaa itazipanga kaya kwa makundi: hoi, wa kati, wenye nafuu. Sasa kwenye sehemu D mstari wako una alama moja tu, nayo ni ya kubahatisha. Ungenisaidia kuijaza? D3: kazi yako kuu ni ipi, eleza kwa maneno yako. D5: kipato chako kwa mwezi kiko kisanduku kipi kati ya vinane (karatasi nimeiambatanisha). D9: je, ungependa kufanya kazi saa nyingi zaidi ya sasa?

Usihangaike sana. Lakini usichelewe.

Meno Mawili


25 Aprili

Marahaba, mpwa wangu.

Kifua chema, ngazi zilezile, mvua imeanza. Nimeisoma sehemu D kwa heshima zote.

D3: Nasimamia. D5: Mama yako alikwisha jibu vizuri, sioni haja ya kuongeza. D9: Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo kwa adabu namna hii, nimeguswa, naomba muda wa kufikiri.

Sasa ni zamu yangu kuuliza. Mashine ikizeeka huruka mishono, au huilegeza, au hukata uzi. Haitembei nje ya njia kisha ikarudi. Njia hushikwa na mshonaji. Nimeiweka ile kola kwenye mwanga wa dirisha: mara tatu ametoka, mara tatu akaipapasa njia kwa kidole na kurudi. Nayaona matundu ya sindano alipopotea. Mtu huyu hakuwa na haraka, wala hakuwa mzembe. Hakuwa akiona.

Meno Mawili, macho ya mama yako yana nini? Na kwa nini unaniambia "usichelewe"?

Mjomba wako


10 Juni

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kukawia. Nilikuwa na amri mbili zinazopingana, ya kwako na ya Mama, na Mama yuko karibu zaidi.

Ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili. La kulia limeshakuwa kama kioo cha bafu. Tangu mwaka jana anashona sare za shule kwa kupapasa; akanikataza kukwambia, "asije akauza viatu vyake." Mwenye duka la sare ameanza kumrudishia kazi. Wiki iliyopita alirudisha kaptula mbili zenye mguu mmoja mrefu, akasema kwa upole, "Mama, watoto wa shule ile wote wana miguu sawa." Mama alicheka mpaka alipofika nyumbani.

Hospitali ya Manispaa itapasua macho bure kwa kaya zilizoandikwa hoi. Mimi mwenyewe nimezunguka na dodoso nikiwaambia watu habari hiyo. Orodha ilipotoka kaya yetu haimo. Sisi ni wenye nafuu, Mjomba! Tuna msimamizi wa kitengo ng'ambo, ambaye ametoka kidogo.

Nilikwenda kwa msimamizi wetu. Akasema njia ni mbili. Ama Mama atie sahihi kwamba wewe si mtu wa kaya hii, ama wewe mwenyewe uandike kazi yako na kipato chako cha kweli, barua yenye muhuri wa mwajiri. Kamati inakaa tarehe kumi na tano Agosti. Baada ya hapo, mpaka dodoso lingine, miaka mitano.

Kalamu-Mbili aliniambia chemba kwamba kalamu moja inaweza kuteleza. Nikamwambia hapana. Nimewauliza watu mia nne wanakula mara ngapi kwa siku, na wamenijibu kweli. Siwezi kuanza kudanganya kwangu.

Nakuuliza bila utani: hicho kitengo ni nini?

Meno Mawili


27 Juni

Mpwa wangu,

Leo sina salamu nyingi. Nifuteni. Ni mstari mmoja wa wino, na wino umekuwa ukinipita karibu maisha yangu yote. Atie sahihi kesho.

Mjomba wako


12 Julai

Mjomba, shikamoo.

Nilimsomea. Nilimpa na kalamu. Akaishika, nikadhani anatafuta mahali pa kutia sahihi. Kumbe anaipima uzito. Akaitia kwenye kikombe changu cha chai. Naandika sasa neno kwa neno, amekaa pembeni yangu na mkono wake uko juu ya karatasi nisije nikaruka.

"Mwambie aache upuuzi. Mwambie jina likishafutwa kwenye karatasi ya serikali, mtu atarudi kwa mlango gani? Mwambie jicho ni langu na ndugu ni wangu, asinichagulie. Umeandika? Andika na hili: yeye ndiye mkubwa, lakini mimi ndiye mkuu wa kaya. Limo kwenye dodoso."

Nikamwambia, "Mama, basi utapofuka."

"Nitapofuka nikiwa na kaka. Wako wanaoona na hawana."

Haya, Mjomba. Zimebaki wiki tano. Yeye ni jiwe. Wewe ni nani?

Meno Mawili


26 Julai

Marahaba, Meno Mawili. Msalimu mkuu wa kaya, na umsomee hii polepole.

Sehemu D, swali la 3, kwa maneno yangu.

Kitengo ninachosimamia kina mtu mmoja. Ndiyo maana nidhamu ni nzuri. Kiko chini ya ardhi, kwenye jengo kubwa la udobi linalofulia viwanda vitano, chumba chenye dirisha moja la upana wa kitabu kilichofunguliwa. Kila asubuhi huletwa magunia ya glavu za kazi zilizokwisha fuliwa na kukaushwa, zote zimechanganyika. Nazitafutia wenzi: kulia kwa kushoto, kubwa kwa kubwa, na hapo ndipo penye ufundi, chakavu kwa chakavu. Ukiifunga mpya pamoja na kuukuu, mwenye mikono atalalamika. Wenzangu wa ghorofa ya juu wananiita Mshenga. Kwa miaka ishirini na miwili nimeozesha wengi, na ndoa zangu zinadumu mpaka Ijumaa, zinaporudi kufuliwa.

Ulishangazwa na mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ndio unaoshika nyundo, kwa hiyo glavu ya kulia hufa mapema. Zinabaki za kushoto, nzima kabisa, hazina mwenzi wa kuvaliwa naye. Sheria ya hapa ni kuzitupa. Sikuweza. Nikaona angalau zivishikilie vitabu.

Cheo sikukizua chote. Mlangoni pameandikwa "Msimamizi wa Kitengo" kwa chaki. Aliyeandika ni mimi. Mwaka wa kwanza nilikuwa namwandikia mama yako, nikafika kwenye mstari wa kazi, nikakumbuka alivyokuwa akiwaambia majirani kwamba kaka yake anajua neno lolote likikosewa. Nikainuka, nikachukua chaki, nikaandika mlangoni kwanza, kisha kwenye barua. Msahihishaji hapendi kuandika jambo ambalo halijaandikwa mahali pengine.

Kamera haina ufa. Chumba changu ni kidogo kiasi kwamba ungekiona chote nyuma ya masikio yangu.

D5: Kisanduku cha pili kutoka chini. Cha chini kabisa kilikuwa karibu zaidi na ukweli wa mwaka jana, lakini tangu Machi nafanya zamu za Jumapili, na dodoso linataka ya sasa.

D9: Hapana. Asante kwa kuuliza.

Muhuri ni wa msimamizi wa kweli, mama mmoja mpole mwenye sauti ya tarumbeta. Nilimweleza ni wa nini. Aliugonga mara tatu, kwa kuwa wa kwanza ulikwenda upande. Akasema kwamba kwa ajili ya macho ya mtu, kazi isiwe na kasoro.

Nimeandika haya kwa siku nne. Nimesahihisha mara nyigni—nimekosea, naacha hivyohivyo. Ipelekeni.

Mjomba wako


4 Septemba

Mjomba wangu, shikamoo, shikamoo tena.

Barua ilifika tarehe kumi na tatu, siku mbili kabla. Kamati ilikuwa na watu watano na feni moja. Mwenyekiti alitaka kuisoma kimya, Mama akasema, "Isome kwa sauti, baba, mwenye macho mabovu ni mimi." Akaisoma. Kwenye "Mshenga" walicheka wote. Kwenye chaki, mwenyekiti alivua miwani akaifuta, akaendelea bila kuivaa, kwa hiyo akakosea mistari miwili. Kisha akaandika: kaya hoi. Wewe bado ni mstari wa pili. Kalamu-Mbili alimuuliza Mama, sasa tuandike ametoka muda gani? Mama akamwambia, "Wewe kila nikikujibu unaandika lako. Andika."

Nje nikamwambia, "Mama, pole. Hata mimi sikujua."

"Hukujua nini?"

"Kazi yake."

Akasimama katikati ya njia. "Wewe karani mzima! Msimamizi wa ofisi anapata wapi glavu za kushoto kila mwaka, miaka ishirini na miwili? Nilijua kaka yangu yuko penye glavu."

"Mbona hukusema?"

"Mtu akikwambia amevaa suti, unamchungulia miguu?" Tukatembea kidogo. "Ila la dirisha sikulijua," akasema. Akaongeza mwendo.

Alipasuliwa jicho la kulia tarehe ishirini na tisa. Walipotoa bendeji alinitazama muda mrefu, nikajiandaa kulia. Akasema, "Kumbe umenenepa." Siku iliyofuata alikwenda dukani kwa mwenye sare, akachukua kaptula zote alizoshona mwaka huu ambazo hazijauzwa, akazikagua mlangoni, akarudi nyumbani na karibu nusu yake. Anazifumua sasa hivi ninavyoandika, anazitukana moja moja.

Mkataba wangu umeisha. Kwa kipimo cha dodoso langu mwenyewe mimi sasa ni "anatafuta kazi". Asubuhi namsaidia muuza mkaa kupanga mifuko, mchana najaza fomu za watu nje ya Manispaa, jioni nashona vifungo na Mama. Ukiniuliza, sina kazi. Nashughulika tu.

Mama ana ujumbe. "Lile shati alirudishe, kola inanitia aibu. Nitaifumua na kuishona upya akiwa amekaa hapa, maana na mabega nataka kuyapima tena. Na asilitume. Posta watalikunja."

Meno Mawili


28 Septemba

Marahaba, Meno Mawili.

Kifua chema. Kuna jambo la mwisho nililolificha, na kwa kuwa nimeshazoea kusema, nalisema: karatasi zangu zilikwisha kuwa sawa miaka kumi na moja iliyopita. Tangu hapo kilichonizuia si serikali yoyote. Ni kile chumba, na chaki.

Zamu za Jumapili zimezaa tiketi ya kuja. Ya kurudi nitaifikiria hukohuko, mkuu wa kaya akishanipa maoni yake. Nafika tarehe kumi na nane Oktoba, mchana. Usije kunipokea, nataka kuona kama miguu inaijua njia. Kama lile duka la baiskeli bado lipo, sitapotea.

Shati nimelikunja mwenyewe, kola juu. Mwambie pia mama yako kwamba safari hii naleta glavu mbili tu, ya kulia na ya kushoto, saizi moja, uchakavu mmoja. Nilizitafuta wiki nzima.

Jana jioni nilikabidhi ufunguo wa kitengo. Mama wa tarumbeta aliniuliza awaambie nini wenzangu. Nikachukua chaki, na chini ya cheo changu pale mlangoni nikaandika: Ametoka kidogo.

Mjomba wako